Nimeze vidonge ili mtoto ajaye asifanane na dada yake?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Tanga. Binti yangu wa kwanza ana miaka minne. Alipozaliwa, mkunga alisema ni mvulana, tukamfanyia na akika ya mbuzi wawili. Siku ya kumi na mbili akatapika hadi macho yakaingia ndani. Hospitali ya rufaa wakatuambia ni binti, ana ugonjwa wa tezi za adrenali wa kuzaliwa nao, mwili wake unapoteza chumvi. Anaishi kwa vidonge, na fludrokotisoni, ile ya kuzuia chumvi isipotee, mwezi uliopita tuliikosa kabisa. Sasa nina mimba ya wiki tano. Wifi yangu aliyeko Marekani kasoma kwamba nikimeza deksamethasoni tangu sasa, mtoto akiwa wa kike atazaliwa na maumbile ya kike sawasawa. Mavyaa ameshainunua duka la dawa. Anasema hataki jike dume wa pili nyumbani. Mume wangu kanyamaza. Je, nikimeza ni dhambi? Nisipomeza nitakuwa nimemdhulumu mtoto?"

Marahaba, mwanangu. Usimeze. Na kama umeshaanza kabla jibu hili halijakufikia, usiache ghafla, nenda kwa daktari kwanza, kwa sababu dawa za namna hii zikikatishwa ghafla mwili hupata shida.

Wifi yako hakudanganya. Dawa hiyo ilianza kutumiwa hivyo miaka ya 1980. Huzuia tezi za mtoto zisimwage homoni za kiume kupita kiasi, na ili ifanye kazi ni lazima ianze kabla ya wiki ya 9, wakati sehemu za siri zinaumbika. Sasa piga hesabu. Wewe na mumeo kila mmoja amebeba kasoro hii bila kuumwa. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa ni mmoja kati ya wanne, na mimba ya kwanza haipunguzi wala kuongeza kitu. Nusu ya hao ni wavulana, ambao dawa haiwafai kitu. Kwa hiyo katika mimba nane kama yako, ni mtoto mmoja tu anayelengwa. Saba wanalishwa steroidi kali wakati wanaumbwa, bure. Kipimo cha kumjua mgonjwa kwa kawaida huja baada ya wiki ya 10, dawa imeshamezwa kwa wiki kadhaa. Siku hizi wenye uwezo hupima damu ya mama mapema kujua kama ni mvulana, na hivyo kumwepusha, lakini mabinti wasio na ugonjwa bado wanabaki humo.

Sweden walikuwa wakiitumia kwa uangalifu ndani ya utafiti. Walipofuatilia watoto wakaona dalili za kutia wasiwasi, mojawapo upande wa kumbukumbu, na kufikia 2010 wakaacha. Mwongozo wa wataalamu wa homoni, wa 2018, bado unaiita matibabu ya majaribio. Duka la dawa la mtaani si mahali pa majaribio, mwanangu. (Ile sindano ya deksamethasoni anayochomwa mama anayetarajiwa kujifungua njiti, ili mapafu ya mtoto yakomae, ni jambo jingine. Ukiambiwa uchomwe hiyo, usikatae kwa ajili yangu.)

Lakini kuna lililonikera zaidi. Kidonge hicho hakiponyi. Binti angezaliwa na maumbile mnayoyataka, na bado angepoteza chumvi vilevile, na haidrokotisoni yake, dawa ya kujaza homoni anayoikosa, ni ya maisha. Mavyaa anaogopa binti. Mimi naogopa mvulana. Mvulana mwenye ugonjwa huu huzaliwa sura kamili, kila mtu anapiga vigelegele, na wiki ya pili au ya tatu anaanza kutapika, watu wanasema ni tumbo, anazikwa. Binti yako angalau mwili wake ulikuwa na la kuwaonyesha madaktari.

Kwa hiyo kazi ya miezi hii ni hii: jifungulie hospitali, na kabla ya hapo mwone daktari wa homoni wa watoto akuandikie barua ya kubandika kwenye kadi ya kliniki, kwamba mtoto huyu, awe wa kike au wa kiume, apimwe damu katika siku zake za kwanza na asiruhusiwe kupotea machoni mwao.

Sisemi maumbile si kitu. Kwa baadhi ya mabinti njia ya mkojo na ya uke huwa zimeungana, na wapo wanaopitia upasuaji. Ikipatikana siku moja dawa salama ya kuwaepusha hilo, nitakuwa wa kwanza kuipigia debe. Wala sipingi kumtibu mtoto tumboni: wenye mgongo wazi siku hizi huweza kufanyiwa upasuaji kabla ya kuzaliwa, na baadhi wanatembea kwa sababu hiyo. Ila mavyaa hakusema njia ya mkojo. Amesema jike dume. Hayuko peke yake. Marekani, mwaka 2010, mwanahistoria Alice Dreger na wenzake walipiga kelele kwa sababu baadhi ya watetezi wa dawa hii waliandika hata kuhusu mabinti wasiopenda wanasesere na wasiotamani kuolewa na kuzaa, kana kwamba hayo nayo ni ya kutibiwa. Hapo mtoto hatibiwi tena. Anachongwa awaridhishe wakubwa.

Kuhusu dhambi, mimi si shehe. Najua tu kwamba vitabu vya fikihi vina mlango wa khuntha, yaani mtu ambaye jinsia yake haijabainika, na mirathi yake imepangwa tangu karne nyingi. Watu hao walihesabiwa. Binti yako hata huko hajafika: ni msichana mwenye tezi zinazomsumbua.

Na ana miaka minne, anasikia. Neno "wa pili" lina wa kwanza wake, naye amekaa mkekani hapo anakula. Hilo mumeo ndiye wa kumwambia mama yake, si wewe. Kunyamaza kwake kumekuachia mzigo wa watu wawili. Mwambie leo usiku, mkiwa peke yenu, kwamba unataka maneno yake.

Vidonge vya mavyaa virudishwe dukani. Wifi naye umshukuru, kwa kweli alitaka kusaidia. Kama ana dola za kutuma, azitume kwa ajili ya fludrokotisoni ya miezi mitatu, ikae ndani kabla haijaadimika tena.