Maziwa hayasafishi vumbi la mgodini

Mererani utamsikia mtu akimwambia kijana aliyetoka shimoni: "Kunywa maziwa, vumbi litoke." Nilipokuwa nashika drili kwenye mashimo ya tanzanaiti, wakubwa zangu waliniambia hivyohivyo, kwa nia njema kabisa. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, ndugu zangu, na vumbi limekaa mapafuni.

Mwamba tunaotoboa una silika, madini magumu yaliyomo pia kwenye mchanga. Ukipasuliwa mkavu hutoa vumbi la kila ukubwa. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Hizo ndizo unazotema zikiwa nyeusi kwa grafaiti, ukadhani umesafika. Zinazoua ni zile za chini ya mikromita 4 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), zisizoonekana kwa macho. Hizo hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, pale oksijeni inapoingia kwenye damu.

Huko hupokelewa na makrofeji, seli za ulinzi ambazo kazi yao ni kumeza uchafu na vijidudu. Kijidudu kikimezwa, mara nyingi huyeyushwa. Silika haiyeyuki. Inatoboa kifuko cha vimeng'enya, yaani kemikali za kuyeyushia, kilichomo ndani ya seli, vimeng'enya vinamwagika, seli inapiga mbiu kwa kemikali kama interlukini-1, kisha inakufa. Chembe inabaki vilevile, na makrofeji nyingine inakuja kuimeza, nayo inakufa.

Kemikali hizo huamsha fibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni, nyuzi zilezile zinazofunga kidonda mkononi. Mkononi kidonda kikifunga, kazi imekwisha. Mapafuni chembe bado ipo, kwa hiyo kovu huendelea kujengwa, vinundu vigumu juu ya vinundu, mpaka pafu linashindwa kutanuka. Ndiyo silikosisi. Hakuna dawa ya kuliondoa kovu hilo, na ugonjwa unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha mgodi. Vumbi lililopasuliwa muda huohuo ni kali zaidi, na ndilo analolivuta mshika drili.

Makrofeji zilizochoka hivyo hazimudu vijidudu vya kifua kikuu, ndiyo maana TB na silikosisi huandamana sana. Pia kuna watu wanaopewa dawa za TB, wanamaliza, wanaanza tena, kumbe kinachowabana ni kovu. Ukifika hospitali usiseme "nakohoa" ukanyamaza. Sema umechimba, miaka mingapi, na ulikuwa unafanya nini chini. Omba picha ya kifua hata kama hukohoi. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, wanayajua maradhi haya ya wachimbaji.

Kitambaa usoni hakizuii chembe ndogo hizo. Barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, inasaidia ikibana uso vizuri, na ndevu huifanya ivujishe. Hata hivyo, mimi natanguliza maji kabla ya barakoa: drili inayopitisha maji, mwamba uloweshwe kabla ya kupasua na kabla ya kupakia, na baada ya baruti watu wasishuke mpaka hewa isafishwe. Nguo za kazini zisikung'utwe nyumbani mbele ya watoto.

Najua Simanjiro ni kukavu na maji yananunuliwa. Lakini tajiri wa mgodi aliyemudu kompresa, mashine ya kusukuma hewa ya drili, anamudu pipa la maji na mpira wake. Mwendeeni mkiwa wengi, kabla ya zamu ijayo kushuka.