Mkono Juu ya Shina

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Unauliza kwa nini wasanii wa siku hizi, wanapotaka kuzungumzia mama, baba na mtoto, huacha kuchora sura za watu wakageukia miti, mawe na wadudu, na kama huko si kukwepa ugumu wa kumtazama mtu usoni.

Mimi naona kinyume chake. Picha ya sura hunasa siku moja tu, ilhali uzazi na undugu ni mambo ya miaka, na msanii anayetaka kuionyesha miaka hana budi kutafuta kitu kinachokua, kinachosuka au kinachozeeka.

Mfikirie Louise Bourgeois, aliyezaliwa Paris mwaka 1911. Mama yake alikuwa fundi wa kukarabati mazulia ya kale ya ukutani, akirudishia uzi mmoja mmoja mahali palipochakaa, na binti alipomkumbuka katika uzee wake, mwaka 1999, alimuunda kama buibui wa chuma mwenye kimo cha zaidi ya meta 9, akamwita "Maman", yaani Mama. Wengi humwogopa. Lakini anayesimama chini yake na kuinua macho huona mfuko wa wavu wenye mayai ya marumaru, na hapo miguu ile mirefu huacha kutisha, ikawa kama ua unaolinda kizazi.

Hata hivyo, kazi inayonigusa zaidi ni ya Mwitaliano Giuseppe Penone. Mwaka 1968, katika msitu ulio karibu na Garessio alikozaliwa, aliushika mti mchanga, kisha akaacha pale pale mkono wa chuma wenye umbo la mkono wake. Mti haukukoma kukua. Ulinenepa juu na chini ya vidole, ukavimba pembeni mwake, na taratibu ukaanza kuvimeza. Kila nikiziona picha zake nakumbuka nilivyokuwa nikikushika kifundo cha mkono tukivuka barabara, nikikibana kuliko ilivyohitajika kwa sababu ya hofu yangu mwenyewe. Kushika kule kulikulinda, na huenda pia kulikuzuia mahali fulani. Penone hakuficha lolote kati ya hayo mawili, na ndiyo maana namwamini.

Joseph Beuys naye alianza mwaka 1982 kupanda miti 7,000 mjini Kassel, Ujerumani, mingi ikiwa mialoni, na kila mmoja ukasimikiwa jiwe la basalti kando yake. Alifariki Januari 1986 kazi ikiwa haijakwisha, na mti wa mwisho ukapandwa na mwanawe mwaka 1987. Mawe yangali na kimo kilekile cha siku ya kwanza. Ukizipata picha za mji ule, anza kwa kulitazama jiwe, kisha lifuate shina kwa macho hadi kwenye matawi.

Mama yako akupendaye