Kijana, umeitwa timu ya jeshi? Soma hii kwanza

Nikipita uwanja wa Nyamagana, hapa Mwanza, jioni hakosi kijana wa kuniuliza, "Mzee, nimeitwa timu ya jeshi, niende?" Nenda. Ila kwanza uliza jambo moja: unasajiliwa kama raia, au unaandikishwa askari? Timu hizi huchukua wote. Raia mkataba ukiisha anabeba njumu zake anaondoka. Askari amekula kiapo.

Mimi nilikula kiapo. Nilikulia Kirumba, tukiruka ukuta kuwaona Pamba, nikapita JKT, baadaye Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, nikatoka na nyota moja begani. Uwanjani nilikuwa beki tatu (msicheke, enzi zetu hiyo ilikuwa namba tu).

Kipa wetu alikuwa praiveti, askari wa cheo cha chini kabisa. Siku moja mazoezini akanifokea, "We beki, umelala!" Nikaona amenivunjia heshima. Kambini nikampa fyekeo, akafyeka nyasi mpaka jua likazama. Mechi iliyofuata hakufungua mdomo. Krosi ikaja, winga wao yuko nyuma yangu, simwoni, kipa anamwona. Kimya. Bao. Aliniangalia tu, na mimi nikajua nimejifunga mwenyewe. Jumatatu nikamwita nikamwambia: tukishavuka chaki, mimi si afande wako, nifokee. Akaitumia ruhusa hiyo vizuri mno.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni kozi. Kozi ya kupanda cheo haingoji ligi iishe. Kocha akanibembeleza nibaki, "mechi tano tu", nikabaki. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Kisha goti likaenda, na wenzangu niliotoka nao Monduli walikuwa wameshanipita. Ikabidi niwapigie saluti watu tuliokula nao sahani moja.

Wengine hunitajia Ferenc Puskás, yule Meja wa Hungaria, mabao 84 katika mechi 85 za taifa. Sawa. Ila klabu yake ya Kispest ilichukuliwa na jeshi mwaka 1949, ikawa Honvéd, na vyeo vikamfuata kwa sababu ya miguu yake. Chako wewe kitafuata kozi. Ukiitwa kozi, nenda, hata kama Jumamosi mnacheza na Simba.

Kama barua unayo mkononi, Jumamosi asubuhi nipo Nyamagana upande wa kivuli. Njoo nayo tuisome, na uje na mzazi.