Maswali na majibu: Kijana ana kipaji ila ana kesi, tumchukue?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni Mtanzania niko Texas, nimepata kazi ya ukocha msaidizi kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kidogo, divisheni ya pili ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Kuna risiva, yaani mchezaji wa kupokea pasi, alikuwa chuo kikubwa wakamtoa timu kwa kumpiga mwanafunzi mwenzake, na kabla ya hapo alishadakwa kwenye kipimo cha bangi. Ana kipaji balaa, stafu nzima inamtaka. Kocha mkuu kaniambia nimchunguze nilete maoni. Naangalia nini, na ungekuwa wewe ungemchukua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. La bangi tuliweke pembeni kwanza, hilo atapata ushauri na atapimwa mara kwa mara, linaenda. Ngumi ndo kesi. Alimpiga nani, na ilikuwa mara ya kwanza au ya kwanza kujulikana?

Najua mtu kwenye stafu yenu ashataja Randy Moss, risiva maarufu wa zamani, maana kwa juu juu habari yake inafanana kabisa na ya kijana wako. Chuo cha Notre Dame walimfutia skolashipu 1995 baada ya ugomvi wa shuleni, akaenda chuo cha Florida State, 1996 bangi ikamtoa, chuo cha Marshall wakamchukua mwaka huo huo wakashinda mechi zote 15 na ubingwa wa divisheni yao, 1998 timu ya kulipwa ya Minnesota Vikings wakamchagua na 2018 akaingia Hall of Fame, jumba la heshima la futiboli. Habari nzuri sana hiyo na ni ya kweli. Ila Marshall iko West Virginia, jimbo lake la nyumbani, alirudi kwao kabisa. Nyinyi mnamleta mtu kwenye mji ambao hamjui mtu hata mmoja.

Alafu kuna upande wa pili. 2014 chuo cha Georgia walimtoa mlinzi wao wa mstari wa mbele aliyeshtakiwa kumshambulia mpenzi wake, Januari 2015 chuo cha Alabama wakampokea, Machi akakamatwa tena kwa tuhuma za namna ile ile wakamfukuza. Mei mwaka huo konferensi ya SEC, yaani ligi ya vyuo ambamo Georgia na Alabama wamo, ikapitisha sheria kwamba vyuo vyake visipokee mchezaji wa kuhamia aliyeondolewa kwa makosa mazito kama ukatili wa kijinsia. Chuo cha Indiana nao 2017 wakaweka ya kwao. Kwahiyo kabla hujafungua video zake hata moja nenda ofisi ya komplaensi, ile inayohakikisha sheria zinafuatwa, uulize chuo chenu na konferensi yenu vinasemaje, na NCAA nayo inataka kila mwaka mchezaji aeleze kama amewahi kuchunguzwa au kuadhibiwa kwa mambo ya ukatili, na nyinyi mnatakiwa mfuatilie kule alikotoka.

Karatasi sasa. Mwambie asaini ridhaa ili chuo chake cha zamani kikupe faili la nidhamu, vyuo vingi havitoi bila hiyo, na akikataa kusaini umeshapata jibu lako. Ripoti ya polisi na nyaraka za mahakama omba kaunti ilikotokea kesi. Neno la kocha wake wa zamani usilitegemee peke yake, kocha anampenda kijana na anataka apate pa kwenda, atakwambia ni mtoto mzuri tu. Mtafute aliyekuwa anasimamia hosteli, na mwalimu wake wa masomo, hao ndo walikuwa naye saa ambazo hakuna mechi.

Ukimaliza hapo kaa naye wewe na yeye, mama asiwe kwenye simu, mjomba asiwepo, muulize usiku ule ilikuwaje halafu nyamaza. Mimi nimekaa na wengi. Mmoja aliniambia "mambo yalitokea, ikawa fujo, nikajikuta pale", dakika kumi nzima hakuna mtu aliyefanya kitu kwenye maneno yake, hata aliyeumia hakuwa na jina. Tulimchukua, na nilisaini mimi. Kabla ya Krismasi mwanafunzi mwingine alikuwa hospitali na taya limefungwa waya, na mama wa huyo aliyeumia akaniuliza kama tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunajua. Mwingine alisema "nilimpiga, akaangukia kwenye mashine ya barafu, nikasikia kichwa kikigonga", machozi yanamtoka, akamtaja aliyempiga kwa jina. Huyo alimaliza digrii.

Kwenye stafu mtabishana kuhusu hasara ya timu, skolashipu moja, magazeti. Lakini wanaoibeba hatari ni wale wanaolala chumba cha pili yake, na hakuna anayewauliza, ndo maana uamuzi usiachiwe kocha mwenye mechi za kushinda. Maoni yako yapitie kwa afisa wa mambo ya wanafunzi na ofisi ya Title IX, ile ya kesi za ubaguzi na unyanyasaji wa kijinsia chuoni, wasome kila kitu, na wakisema hapana iwe hapana hata kama anakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.4.

Ningekuwa mimi? Kama aliyepigwa ni mwanamke, simchukui, na nisingesubiri kikao. Kama ni ugomvi wa vijana wawili, nyaraka zinakubaliana na alichosema, hakuna tukio jingine nyuma, ningemchukua ila msimu wa kwanza asicheze, afanye mazoezi, amuone mshauri kila wiki, na awepo mtu mmoja mwenye jina, sio "stafu", ambaye simu yake inapokelewa saa nane za usiku. Kama hamna mtu huyo chuoni kwenu msimlete, hata awe malaika. Na usimuahidi namba ya jezi kabla hayo yote hayajakamilika.