Dokta, kabla hujachukua fomu

Kila uchaguzi unapokaribia, daktari mmoja au wawili hunipigia simu wakiwa wamejifungia chumba cha kuonea wagonjwa. Wanaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia majibu ya vipimo. Wanataka kugombea. Mimi nilitoka kwenye zahanati yangu ndogo pale mwaloni, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, nikawa diwani kuanzia 2020 hadi 2025. Basi niseme niliyoyaona.

Mfano wa Dkt. Hussein Mwinyi uweke pembeni kidogo. Aliingia bungeni mwaka 2000 kupitia Mkuranga, leo ni Rais wa Zanzibar, lakini baba yake naye alikuwa Rais. Baba yangu alivua sangara.

Wagonjwa wako si kura zako. Mwaka 2015 nilijitosa kwenye kura za maoni, zile za chama kuteua mgombea wake, nikiamini ukumbi ule ni wangu: nimewazalisha wake zao, nimekesha na watoto wao wenye malaria. Nikapata kura 11. Msemo wa "wajumbe si watu" ulikuja kuvuma 2020, mimi nilishauishi. Na kwetu hakuna mgombea binafsi, kwa hiyo mlango wa kuingilia ni hao hao wajumbe wa chama wanaopiga kura ukumbini. Baadaye mzee mmoja aliyeninyima kura alinifuata: "Mwanangu, tukikupa udiwani, usiku mtoto akibanwa kifua tumwamshe nani?" Sikuwa na jibu.

Kilichonirudisha ni kichocho. Tunawapanga watoto wa shule, tunawapima urefu kwa ule mti wenye alama, tunahesabu vidonge vya prazikwanteli, wanakula uji, wanameza. Jioni hiyo hiyo unawakuta ziwani wanaoga na kuchota maji, kwenye matete walipo konokono wanaoeneza kichocho. Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Kabati la dawa halitoi choo wala maji safi. Bajeti ndiyo inayotoa.

Sasa hili ndilo linalonifanya niandike. Zikiwa zimebaki siku chache tupige kura, vijana wangu wanne wa kampeni walikuja zahanati usiku. Mmoja akaegemea kabati la mafaili, lile la chuma ambalo droo yake ya tatu hukwama, akawa anaigonga kwa kidole. "Dokta, mpinzani wetu si anatibiwa hapa? Toa karatasi moja tu. Hakuna atakayejua imetoka wapi." Hakuwa kijana mbaya. Aliogopa kushindwa, na mimi niliogopa pia. Nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyompasa daktari. Kisha nikafunga kabati, ufunguo nikampa nesi, nikamwambia nisiuone mpaka matokeo yatangazwe. Kama karatasi hiyo ilikuwepo au haikuwepo, hilo hamtalisikia kwangu hata leo.

Wewe usingoje ufike hapo. Siku unayochukua fomu, mafaili na ufunguo viwe kwa mtu mwingine, na timu yako ijue hivyo tangu kikao cha kwanza. Msimu huo acha pia kutibu bure, hata kama ni desturi yako. Takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilipigwa chini na Mahakama Kuu mwaka 2006, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010, na dozi ya bure wiki ya kampeni itakuponza. Aliye mtumishi wa serikali aanze kwa afisa utumishi, asisubiri kuulizwa.

Ukishinda, utagundua hujui kuongea. Kikao changu cha kwanza cha baraza nilisimama dakika kumi na tano nikieleza maisha ya konokono. Wenzangu walisikiliza kwa adabu, mmoja akachora mtumbwi kwenye kabrasha lake. Nilipokaa, mwenyekiti akauliza: "Mheshimiwa, hoja yako ina fungu?" Yaani fedha iliyotengwa kwenye bajeti. Haikuwa na fungu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na ukikumbuka kisima mwezi wa Juni umekumbuka cha mwaka mwingine. Kisima chetu kilichimbwa mwaka wa tatu. Chumba cha daktari unaandika dawa, inatolewa dirishani dakika ile ile; huku unaandika, unasubiri, unaandika tena. Kwa mtu mwenye hasira kama mimi ilikuwa adhabu.

Hela sitaizungumza sana. Posho ya diwani wakati wangu ilikuwa shilingi 350,000 kwa mwezi, na misiba ya kata nzima ni yako. Ndiyo maana sikuacha kuona wagonjwa Jumamosi, na leseni yangu ya Baraza la Madaktari Tanganyika sikuiacha ilale hata mwaka mmoja.

Jumamosi moja, udiwani ukielekea ukingoni, mama alimleta mtoto wake wa miaka saba, tumbo limevimba, choo kina damu. "Mwangaluka, Dokta," akasema, akajirekebisha, "Mheshimiwa." Nikamwambia Dokta inatosha. Nikauliza mtoto anaoga wapi.

"Ziwani."

"Na kisima?"

"Mpini umekatika tangu Jumatatu."

Nikampima mtoto urefu, nikaandika vidonge, nikamwomba mama akae kwenye benchi kidogo. Kisha nikatoka nje penye mtandao, nikampigia simu mtu wa jumuiya ya maji.