Kumnunulia mtoto nyumba ya kukaa akiwa chuo: sisi tulifanya, na haya ndiyo yaliyotukuta

Mkuu, umeuliza kama inalipa kununua nyumba karibu na chuo, binti akae humo miaka minne badala ya kumlipia kodi, kisha uiuze akihitimu. Hesabu uliyoiweka nami niliipiga hivyohivyo, nyuma ya bahasha, na ilinipendeza sana.

Ina shimo, lakini. Umeweka kodi upande huu na rejesho la mkopo upande ule, ukaona vinakaribiana. Hukuweka gharama za kuingia na kutoka: wakili, mkaguzi wa jengo, tathmini ya benki, ushuru wa kuhamisha umiliki, na siku ya kuuza dalali naye anataka chake. Tuseme nyumba ni 100. Ukitumia 6 kununua na asilimia 4 kuuza, lazima uiuze kwa 110 na kitu ndipo urudi ulipoanzia, kabla hujagusa riba wala matengenezo. Na rejesho la miaka ya mwanzo sehemu kubwa ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka aliohitimu binti yangu soko lilikuwa limesinzia. Tungeuza, tungekula hasara. Tuliibakiza, na mpaka leo ina wapangaji. Kwa hiyo jiulize kwanza kama nyumba hiyo ungeinunua hata mtoto wako angekuwa anasoma mji mwingine kabisa. Mimi sikujiuliza, nilipona kwa bahati tu.

Jina la kwenye hati nalo lisikupite. Ukiandika lako, ziko nchi zinazoihesabu kuwa nyumba ya pili na kukutoza zaidi unaponunua, na faida ya kuuza ikakatwa kodi kwa kuwa si makazi yako. Ukiandika la mtoto umempa zawadi, moja kwa moja. Akiolewa, akiingia madeni, ni mali yake hiyo, huna la kusema. Benki nayo haimkopeshi mwanafunzi asiye na kipato bila wewe kusimama mdhamini. Muone mtu wa kodi kabla ya kusaini, maana kubadilisha jina baadaye kunaweza kukulipisha ushuru upya. (Kwangu, mdogo wake binti yangu, akiwa bado sekondari, aliuliza mezani: "Na yangu itakuwa wapi?" Sikuwa na jibu.)

Sasa wale wa kukaa na binti nyumba moja. Hapa ndipo palipotutoa jasho.

Vyumba vilikuwa vitatu, tukapangisha viwili kwa marafiki zake ili kodi yao isaidie rejesho. Kwa kuwa ni marafiki hatukuandikishana chochote, na fedha alikusanya yeye. Muhula wa pili akanipigia usiku, ananong'ona, nikajua yuko chooni amejifungia. Mmoja hajalipa miezi miwili. "Baba, mimi siwezi kumdai, kesho tunafanya naye kazi ya kikundi." Nilikuwa nimemfanya mtoto wa miaka 19 kuwa mwenye nyumba wa rafiki zake, na hakuna aliyekuwa ameniomba hilo.

Tukabadilisha. Kila mmoja akasaini mkataba na mimi, mzazi wake akawa mdhamini, amana ikalipwa, kodi ikawa inaingia kwangu moja kwa moja. Mkataba ukataja na miezi ya likizo, maana wanafunzi huondoka na wewe rejesho halikungoji. Yule mwenye deni alihama, urafiki ukapoa. Binti yangu hapendi tulizungumzie hadi leo.

Lingine ni kwamba vijana hawaripoti kitu kibovu. Bomba la chini ya sinki lilivuja, wao wakaweka ndoo, wakawa wanaimwaga kwa zamu kwa wiki tatu. Nilipokwenda kuwatembelea nikafungua kabati: mbao zimevimba, ukungu mweusi umepanda ukutani hadi usawa wa goti, na ndoo imewekewa kabisa karatasi ya ratiba ya zamu. Mpira wa bomba hilo uliokuwa umekwisha ni kitu cha senti, ila kabati na ukuta viliniuma. Bima ikakataa kulipa, kwa sababu fomu nilijaza kwamba nyumba haina wapangaji. Kosa langu mwenyewe. Waambie bima na benki mapema nani anakaa humo, na namba ya fundi ibandike mlangoni mwa friji.

Binti yako ndiyo kwanza anaingia mwaka wa kwanza, sivyo? Mwache akae bwenini mwaka huo. Wengine hubadili kozi, wengine chuo chenyewe, na wengi marafiki zao wa kweli huwapata huko bwenini. Ukinunua baadaye utakuwa unajua anabaki, na yeye atakuwa anajua anataka kukaa na nani. Ila hapo muda wa kumiliki unakuwa mfupi zaidi, kwa hiyo mpango wa kuuza akihitimu uufute kabisa.

Hukusema ni nyumba ndani ya jengo la ghorofa au nyumba inayojitegemea. Kama ni ghorofa, uliza ada ya mwezi ya utunzaji wa jengo, na kama sheria zao zinaruhusu kupangisha chumba kimojakimoja. Ziweke hapa tuipige hesabu upya.