Msiahidi kwa niaba ya paroko

Tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi iliyopita nilisimama pale Kondele na rozari zangu mkononi, lakini masikio yalikuwa kwenu ninyi mliotoa ahadi ya Legio ya Maria majuzi. Mmoja alikuwa anamweleza kijana wa boda kwamba Wasabato wamepotea. Mwingine alimshika dada mkono, mkono jamani, dada ana mfuko wa unga na mtoto mgongoni, eti amsikilize dakika mbili tu. Wa tatu nilimwona akimpa mtu nauli ya kurudi Nyalenda; nauli ikaishia kwenye chang'aa, na yule akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Nawapenda. Mna moto ambao sisi wakongwe wa presidiamu, kikundi chetu cha Legio, ulishatupungua. Lakini haya makosa yote sisi tulishayafanya, na kuyarudia si sehemu ya ahadi mliyotoa.

1. Tokeni wawili wawili, kama tunavyofundishwa, na mmoja tu ndiye aongee. Mwenzake asali kimoyomoyo na aangalie tuktuk zisiwagonge. Mkiongea wote kwa pamoja, mpita njia anajiona kama amekamatwa na kanjo.

2. Neno la kwanza liwe "hatuchangishi". Wahubiri wa vipaza sauti pale steji ya mabasi hupitisha kikapu wakimaliza, kwa hiyo mtu akiona umenyoosha mkono wenye medali ya Bikira Maria, anashika mfuko wake na kuvuka barabara. Mwambie ni ya bure, mpe, nyamaza. Akiuliza kama ni hirizi, mjibu kwamba medali hii ilitokana na maono aliyopata Mtakatifu Katarina Labouré huko Paris mwaka 1830, na kwamba haina nguvu yake yenyewe, inakukumbusha kusali. Inatosha. Msianze historia ya Ufaransa wakati mtu anakimbilia matatu ya Ahero. Na kuhusu ile nauli: Legio haigawi msaada wa mali, mwongozo wetu umesema wazi. Mwenye shida apelekwe kwa wanaohusika na shida hizo parokiani. Ukianza kutoa mia, Jumamosi inayofuata hutatoka kuinjilisha, utatoka kulipa.

3. "Nyinyi ni Legio gani?" Hapa Kisumu mtaulizwa hili mpaka mchoke. Jibu fupi: sisi ni chama cha walei ndani ya Kanisa Katoliki, kilichoanzia Dublin mwaka 1921 kwa Frank Duff, kikaletwa Kenya na Edel Quinn mwaka 1936. Legio Maria ni kanisa lililojitenga na Katoliki hapa hapa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Wana papa wao, kanzu za rangi, na Kilatini ambacho wengi wetu hatukiwezi tena. Mkieleza tofauti, elezeni bila kutia chumvi. Ndugu yetu mmoja alimwambia mama muuza omena kwamba wale ni waasi. Mama akaweka gorogoro chini, akamuuliza, "Unamsema nyanya yangu aliyenifundisha Baba Yetu?" Kijana akatafuta pa kuangalia. Sisi wengine tukaanza kununua omena, kila mtu gorogoro lake, kwa aibu. Wiki hiyo nyumba nyingi za Walejio zilinuka samaki.

4. Sasa hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Msiahidi.

Mtagundua haraka kwamba watu wengi mnaokutana nao si wapagani. Ni Wakatoliki. Wamebatizwa, wengine walikuwa watumishi wa altare, na wote wana sentensi moja: "Mimi ni Mkatoliki lakini sipokei," yaani hawapokei Komunyo. Sababu mara nyingi ni ndoa. Wameishi pamoja, mahari imepelekwa, watoto wako shule, ila hawajafunga kanisani. Hapo ndipo kila mgeni anapata hamu ya kuwa padri.

Mimi niliipata hamu hiyo Kibuye, Jumapili moja baada ya misa, soko limejaa mpaka barabarani. Kulikuwa na fundi wa cherehani chini ya mwavuli. Nikampa medali, tukaongea huku anashona zipu ya suruali ya mtu. Akasema ile sentensi. Nikamuuliza, "Mzee, mmefunga ndoa?" Akasema ya nyumbani, ng'ombe alishapeleka wote. Nami, mwenye Katena, sala yetu ya kila siku, kichwani na akili nje ya kichwa, nikamwambia, "Basi hapo hakuna shida hata kidogo. Padri anawabarikia tu. Kufikia Pasaka mtakuwa mnapokea."

Mzee akasimamisha cherehani. Akamwita mkewe aliyekuwa anapanga nyanya upande wa pili, akamwambia aje asikie mwenyewe. Mama yule aliniuliza, "Hata sisi?" Nikasema hata ninyi. Akauliza tena, kwa Kijaluo mara hii, kama mtu anayetaka jibu lisikosewe. Nikasema ndiyo.

Kwenye mkutano nilitoa ripoti na nikapongezwa. Wale wazee wakaanza kuja jumuiya. Fundi akanunua kitambaa, kitenge cha buluu chenye maua madogo meupe, akashona gauni la mama, shati lake, na mashati ya watoto wote, kola zimekaa sawasawa. Alinionyesha shati la mdogo kabisa, akaligeuza ndani nje ili nione mshono. Mimi nikasifu mshono.

Ndipo tukaenda ofisini kwa paroko kujaza fomu. Paroko hakuwa mkali hata kidogo, aliuliza maswali anayopaswa kumuuliza kila mtu. Moja lilikuwa: umewahi kufunga ndoa kanisani na mtu mwingine? Mzee akasema ndiyo, zamani, akiwa kijana, huko kwao. Yule mke aliondoka, hajui aliko, alisikia yuko Mombasa. Paroko akaweka kalamu chini.

Ninyi mnajua hapo mambo yanafika wapi. Ndoa ile ya kwanza inahesabika kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo, na wa kuthibitisha si paroko, sembuse mimi. Ni mahakama ya Kanisa, kwa maombi rasmi, mashahidi, vyeti, na mke wa kwanza naye atafutwe apewe nafasi ya kusema. Inachukua muda na hakuna anayeweza kukuahidi jibu. Paroko alieleza yote haya taratibu. Mama alijua mumewe aliwahi kuoa. Kwamba ilikuwa kanisani, alikuwa hajui. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

Paroko aliwaambia pia kwamba misa ni yao, jumuiya ni yao, watoto walelewe katika imani, na wao waendelee kusali. Ni kweli kabisa, na kama ningeanza na maneno hayo pale chini ya mwavuli, yangekuwa habari njema. Yakija baada ya Pasaka yangu niliyoibuni, yalisikika kama pole za matanga.

Mama aliacha kuja jumuiya. Mzee alijaribu kuanzisha kesi, akakwama kwenye mashahidi, sijui kama ataendelea, na nimeona haya kumuuliza. Bado yuko Kibuye. Ananisalimu vizuri, hilo ndilo linaloniuma, angenikasirikia ningejua pa kuanzia. Mtoto wao mdogo analivaa lile shati siku za kawaida, anacheza nalo kwenye maganda ya mahindi.

Kwa hiyo nikisikia mmoja wenu Jumamosi akimwambia mama wa mapacha, "Lete tu watoto, wiki ijayo wanabatizwa," damu inanipanda. Umemuuliza kuhusu wasimamizi wa ubatizo? Msimamizi sharti awe ametimiza miaka 16, awe na kipaimara na anaishi imani yake. Mama mwenyewe amepitia mafundisho ya wazazi? Hujui, na si kazi yako kujua pale barabarani katikati ya honi. Kazi yako ni kusema, "Sijui, lakini twende pamoja tumwone katekista," halafu kweli muende pamoja. Wala msiwahoji watu kuhusu ndoa zao mbele ya wateja wao. Jambo la ofisini liacheni lifike ofisini.

5. Mtu akitaka mabishano ya Biblia, hasa kuhusu sanamu na Bikira Maria, mpe nafasi amalize, mjibu mara moja kwa upole, mpe mkono. Msishindane na mwenye kipaza sauti. Betri yake ni kubwa kuliko mapafu yenu.

6. Jua. Mnalalamika sana. Edel Quinn alizunguka Afrika Mashariki akiwa na kifua kikuu mpaka akafariki Nairobi mwaka 1944. Vaeni kofia.

7. Jueni saa za misa na saa za kitubio kwa kichwa, za parokia yetu na za jirani. Hili naona ni dogo kwenu. Kuna mzee mmoja wa pale steji, hujui kama ni asubuhi au usiku kwake, amelewa kila tukimkuta. Siku moja alitukuta tunasali Litania ya Bikira Maria, nusu yetu tunasoma kwenye simu. Simu ya kiongozi ikazima chaji. Kimya. Mzee akachukua pale pale tulipoachia, "Kioo cha haki", akaenda mpaka mwisho bila kuruka hata sifa moja, sisi tunaitikia "utuombee" kama watoto wa mafundisho. Alipomaliza, mgeni mmoja kati yenu, kwa furaha, akamkaribisha misa Jumapili saa tatu.

Mzee akamwangalia kwa huruma. "Saa tatu ni ya watoto," akasema. "Ya wakubwa ni saa moja. Na fundisheni huyu wimbo wa mwanzo, namsikiaga akiharibu."